Kumbadilisha Mrusi kwa Mjapani

Mzee Hermenegildi wa Lipangalala ndiye mpigapicha pekee ninayemjua hapa Ifakara ambaye bado anatumia kamera ya mkanda. Wengine wote wana simu. Yeye anapiga, anajifungia gizani kwenye jiko lililokuwa la mke wake, anasafisha picha mwenyewe kwa dawa za kuagiza Dar es Salaam, na zinatoka nyeusi na nyeupe. Wateja wake ni wale wanaotaka picha ya kutundika ukutani, isiyopotea siku simu ikiibiwa. Hawajai kiganja. Kuna wiki hagongewi mlango.

Mimi nauza vitu vilivyotumika, mambo ya picha siyajui. Ila kitu kilichochoka nakijua, na kamera yake ilikuwa imechoka. Ilitoka Urusi, nzito kama jiwe la kusagia, na mwenyewe aliiita Mrusi. Lenzi zake zinafungwa kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa. Alizitunza kwenye ndoo ya mchele mkavu, maana masika ya bonde hili huotesha ukungu hadi ndani ya kioo.

Mrusi hana kipimo cha mwanga. Kipimo alikuwa Balbina, mkewe. Mteja akishakaa, Balbina alisimama pembeni na kuinua kiganja karibu na uso wa mteja. Mzee aliangalia mwanga ulivyolala kwenye kile kiganja, akatengeneza kamera, Balbina akatoka, picha ikapigwa. Ndivyo walivyofanya kazi ndoa yao yote. Balbina alipofariki, mzee akaanza kuwaomba wateja wenyewe. "Nipe kiganja," anawaambia. Wasiomjua hudhani anataka kuwapigia ramli.

Sasa Mrusi akaanza kuvuta mkanda nusunusu, picha zikawa zinapandana. Nilikuwepo siku Kija, Msukuma anayelima mpunga Idete, alipokuja kuchukua picha ya baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imetoka, lakini si vizuri."

Kija akaipeleka dirishani. "Huyu ni baba. Na hili shela ni la nani?"

"La binti wa Evarist. Alikuwa na Komunio ya Kwanza."

"Kwa hiyo mmembatiza baba yangu bila kumwuliza. Jina mmempa nani, Stanislaus?"

Nilicheka. Mzee hakucheka, na Kija naye hakuendelea. Akairudisha picha mezani taratibu. "Mzee wangu, baba siku hizi hatembei. Kumtoa Idete ni kumbeba. Jumamosi nitambeba mara moja tena. Ikitoka hivi, nampeleka kwa vijana wa simu, na utanisamehe."

Alipoondoka, nikatoa mzigo wangu. Nilikuwa nimenunua Mlimba, kwa watoto wa marehemu mmoja wa reli, kamera ya Kijapani na lenzi zake. Inavuta mkanda vizuri, na ndani ina mshale unaosema mwanga umetosha au haujatosha. Nilitaka tubadilishane: Mjapani na vyake vyote, kwa Mrusi na vyake vyote. Nina kijana Dar anayekusanya kamera za zamani hata zikiwa mbovu, na hilo sikumficha.

"Betri ikiisha?"

"Mshale unalala, kamera inaendelea kupiga."

"Lenzi zangu zitaingia humu?"

"Haziingii. Midomo haifanani."

"Basi huko si kubadilisha kamera, Mama Nelly. Ni kuhama nyumba."

"Hama. Uko peke yako, mzigo wako mdogo."

Akaigeuzageuza kamera ya Kijapani mikononi. Katika biashara mtu akishika kitu unamwacha akishike, kwa hiyo nikamwachia aijaribu, nikaenda zangu.

Niliporudi, mkanda wa majaribio ulikuwa unaning'inia jikoni umekauka. Nikauinua kwenye mwanga. Kiti. Mlango. Mgomba. Ndoo. Kiti tena. Baadhi havikutoka wazi.

"Lenzi ya Mjapani inazungukia upande wa pili," akasema. "Mkono unakwenda kulia kabla sijaufikiria."

"Utazoea. Mbona hakuna mtu hata mmoja?"

"Wa nini? Mshale unasema wenyewe. Nimemaliza mkanda mzima sijafungua mdomo."

"Si ndiyo raha yake? Kazi bila kuomba mtu."

Akanitazama kama mtu aliyetajiwa bei ya kumdhulumu. Nikajua biashara imekufa. Nikaanza kufunga mkoba wa Mjapani.

"Acha hapo," akasema. "Mrusi angekuwa anaharibu picha zangu tu, ningezeeka naye. Lakini baba wa Kija hana safari nyingine ya kuja huku." Akanitolea Mrusi, akatoa na lenzi moja moja, akazipukuta. "Mchele niachie. Huo ni wa kula."

Jumamosi nilipita kuchukua mkoba wa ngozi wa Mrusi aliousahau kunipa. Nikakuta baba wa Kija ameshakalishwa uani kwenye kiti, kofia magotini, Kija nyuma yake akimnyoosha kola. Hermenegildi alikuwa ameinamia Mjapani.

"Mama Nelly, umekuja vizuri. Simama hapo pembeni ya mzee, uinue kiganja."

"Si una mshale?"

"Ninao."

"Haya, baba anabatizwa tena," Kija akasema.

Nina haraka zangu siku ya gulio, lakini mkoba ulikuwa bado kwake. Nikasimama, nikainua kiganja karibu na shavu la yule mzee. Alinuka sabuni na ng'ombe. Hermenegildi akachungulia. Vidole vyake vikaenda kulia, vikasita, vikarudi kushoto. Akaondoa jicho kwenye kamera, akabaki anakitazama kiganja changu. Mshale, nadhani, ulikuwa umeshasema zamani. Baba wa Kija akauliza kitu kwa Kisukuma, mwanawe akamjibu kwa sauti ya chini.

Mkono ukaanza kuniuma.

"Bado?" nikauliza.

"Bado."

Nikauacha juu.