Ifungue Mbele ya Macho Yangu

Nakumbuka Ijumaa moja nyumbani kwa Mjomba Khalfan, Qurayyat, huku huku Oman, baada ya chakula cha mchana. Nlikuwa na miaka ishirini na nne, karani mpya wizarani Al Khuwair, na kwa shabaha, mjukuu wangu, nisikufiche, wanaume wa ukoo mzima walikuwa hawanipati. Mjomba ndiye aliyenifundisha. Alikuwa na bastola sita, zote na vibali vyake, za ile namna inayojijaza risasi yenyewe kila ukipiga. Siku hiyo alizitandaza juu ya busati azisafishe.

Akachukua ile aipendayo, akachomoa magazini, kile kikasha cha risasi, akanipa.

"Tupu hii. Jaribu kifyatuo chake, utakipenda."

La kufanya nnalijua: uvute chuma cha juu nyuma, uchungulie ndani. Lakini mjomba mtu keshasema tupu, nami nichungulie mbele yake? Si kumwambia muongo huko? Nikaona haya. Nikaielekeza ukutani, nikabana.

Ikalia! Magazini imetoka, ndiyo, lakini risasi moja ilikuwa imebaki ndani ya mtutu, naye kasahau. Ilipiga ukuta shubiri moja juu ya mto aliokuwa akiegemea mkewe, Bi Zuwena. Ndiyo kwanza kanyanyuka kwenda kutia kahawa. Alirudi mbio na dele la kahawa mkononi, akautazama ule mto. Nililia, mwanangu, mpaka sauti ikanikauka.

Mjomba hakujitetea. "Mimi nimekosa kwa kusahau, na mzee mimi, ntasahau tena. Wewe umekosa kwa kuniheshimu pasipo mahali pake. Heshima gani hiyo, ingeniulia mke?"

Tumelelewa na ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, mimi nililisikia la mkuu, nusura limtoe mtu roho!

Sasa hizo sita ni zangu, na mbili nimeongeza mwenyewe, zote ndani ya sanduku la chuma na ufunguo ninao mimi. Juzi kwenye uwanja wa shabaha nlikupa moja, ukaipokea kwa mikono miwili, "Ahsante, Bibi," ukataka kulenga papo hapo bila kuichungulia. Nikakunyang'anya mbele ya wenzako, ukanuna. Nuna mpaka Idi, hunikomoi.

Nnalokwambia ni hili. Bastola ukipewa na yeyote, awe mimi, awe shekhe, ielekeze pasipo mtu, kidole mbali na kifyatuo, toa magazini, vuta nyuma, tazama, kisha tia na kidole uhakikishe. Hata kama umeniona nikifanya hivyo sasa hivi. Hujanivunjia heshima. Nna miaka sitini na tano, miwani naitafuta nami nimeivaa. Iko siku ntakwambia tupu, na haitakuwa tupu.

Mola akupe jicho kali na mkono mtulivu, akuondolee haya isiyo na faida. Jumamosi njoo. Ntakupa ile ile ya Mjomba, nami ntakwambia tupu. Usiniamini, Mungu akubariki.