Kiswaswadu cha Marehemu

Boksi la sola mwanangu alininunulia kwa ajili ya friji, umeme ukikatika dawa yangu ya sukari isiharibike. Lakini Tabata yetu, ukiwa na umeme peke yako, mtaa mzima unakuletea simu uchaji. Mie kuandika nilikuwa mzito, nakariri tu: hii ya fulani, ile ya mama fulani. Majina yao ninayo yote mpaka leo, ila hapa siyataji.

Masika ile umeme ulikatika siku mbili, na jua halikutoka. Alasiri ya pili namaliza kuswali, nakuta mkekani simu ambayo sikuipokea mie: kiswaswadu cha vitufe, kimefungwa raba. Nikakijua. Cha jirani yangu mchonga vinyago, tuliyemzika kabla ya mvua. Feni ya boksi ilikuwa ikivuma taratibu, kama mtu aliyelala. Kikaita.

Nikakichomoa, nikakizima.

Dirisha langu na la mjane wake yanatazamana. Yeye yuko ndani ya eda, hatoki; akaniita kutoka dirishani kwake.

"Shoga, umeizima?"

"Nimeizima. Marehemu ana shida gani na mie?"

"Mie ndiye napiga. Nilimtuma mkwe aichomeke, wewe uko kwenye mswala."

"Sasa unampigia nani?"

"Saa hizi ndiyo alikuwaga anarudi kazini. Ikiita, yuko njiani. Yule dada wa simu akisema haipatikani, naona nazika tena."

"Basi nikuletee."

"Iache hukohuko. Ikiitia humu ndani, nitaona ni simu tu. Na usipokee, utamkatisha."

Boksi lilibaki na kistari kimoja. Friji lingekimaliza kabla simu haijashiba. Nikalichomoa friji, dawa nikaitia kwenye kopo lenye mfuniko, nikalielesha ndani ya mtungi wa maji, kama tulivyofanya zamani. Simu nikairudisha, nikaiwasha.

Kesho yake boksi lilikuwa limezima, feni kimya. Umeme bado. Alasiri simu ikaita pale mkekani, ikaita mpaka ikachoka. Sikuigusa. Dirishani nikamsikia shoga yangu akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Haya, njoo polepole. Hapo kwa shoga pana utelezi."

Nikajikuta nimekunja miguu, kama ninayempisha mtu apite.