Leo nimemnyima baba mkwe ufunguo

Leo nimemkatalia baba mkwe mbele ya watu wote wa kazi. Muniombee 😅

Tulikuwa naye kazini juu ya paa ya kiwanda hapa Buffalo, tunasafisha mnara wa kupozea maji. Mbele ya kuingia, kila mtu anafunga swichi ya feni na kufuli yake, ufunguo unabaki mfukoni mwake, ili feni isiwashwe mtu akiwa ndani.

Bon, nikatoka ndani nimelowa chapachapa. Kwenye swichi imebaki kufuli yangu tu.

Mzee akanyoosha mkono: "Mkwe, leta ufunguo, mimi nitawasha feni. Wewe enda kula."

Nikasema: "Hapana, papa."

Kwetu baba mkwe hanyimwi hata kiti. Wenye wakwe, ninyi mungempa?

Nikarudi kuchungulia kwanza. Nani iko mule ndani? Espoir, mtoto wake mwenyewe, anatafuta simu yake! Aliingia "dakika moja tu", bila kufuli.

Saa ya kurudi nyumbani ikafika. Kwenye parking mzee akanyoosha mkono tena: "Na ya gari, utaninyima pia?"

Nikampa mbio.

Akakaa kwenye usukani, akanigeukia: "Mkwe, chungulia nyuma. Mtoto wangu iko ndani?"