Kelele Chini ya Meza ya Kukatia

Bwana Pindo hakupewa jina hilo na mama yake. Wateja ndio waliombandika, kwa sababu ukiingia kwake anakutazama kwanza pindo la suruali, halafu ndiyo uso, na pindo likiwa limeshonwa ovyo, uso wako nao hauna bahati siku hiyo. Ni fundi cherehani wa sare: za shule, za walinzi, za wauguzi. Chumba cha mbele ndicho karakana, cha nyuma ndicho cha kulala, na katikati hakuna mtu. Mkewe alishafariki. Binti yake, mtoto wa pekee, aliolewa akahamia mji wa mbali, na safari ya kwenda kumwona ilikuwa inamaliza wiki nzima ya kazi.

Alipoondoka, binti alimwachia baba yake kompyuta ya magemu. Dude kubwa jeusi, lina taa za rangi ubavuni, na ndani yake mna kadi ya picha, kile kipande kinachochora barabara na miti na mawingu kwenye kioo, chenye feni zake chenyewe za kukipooza. Akamfundisha mchezo wa malori. Basi kila Jumapili alasiri, binti kwake na baba kwake, wameungana kwa mtandao, walipakia mizigo, wakaingia barabara moja, lori moja mbele na jingine nyuma, huku wanaongea. Bwana Pindo, ambaye maishani hata baiskeli ilimshinda, alikuwa dereva wa hovyo kupindukia. Alivunja vizuizi, akagonga vituo vya mafuta, mara moja akaegesha lori ndani ya mto. Lakini wiki nzima alishona akiisubiri Jumapili, na kabla ya kukaa mbele ya kioo alinyoa ndevu na kubadilisha shati. Kompyuta yenyewe haina kamera. Anaonwa na nani, hebu niambie?

Shida ilikuwa kelele. Zile feni zilianza kwa kuvuma kidogo, zikazidi, mwisho zikawa zinanguruma mpaka mikasi inatetemeka juu ya meza. Alikuwa ameliweka lile dude sakafuni, chini ya meza ya kukatia nguo, na joto lake lilimchoma goti. Hedifoni zilibana miwani yake hadi kichwa kikauma, na bila miwani barabara haioni, kwa hiyo alitumia spika. Sauti ya binti ikawa inamfikia vipande vipande, hasa wakipanda milimani, ambako kadi ilikuwa na mengi ya kuchora na feni zilipandwa na wazimu.

Hapa ndipo ninapomkasirikia mzee huyu. Mtu mwenye akili zake angeendelea kusema, "Mwanangu, sikusikii." Alisema hivyo mara ya kwanza, binti akarudia. Akasema tena, akarudia tena. Aliposema kwa mara ya tatu, binti akajibu, "Basi, baba, si kitu," na hilo alilisikia vizuri. Likamwingia. Akawaza kwamba mtoto akichoka kurudia atachoka na kuongea, na akichoka kuongea, yeye amebaki na cherehani. Tangu hapo akawa anaitikia tu. Sauti ya binti ikipanda, anacheka. Ikishuka, anasema, "Vizuri, vizuri sana, mwanangu." Ikikoma, anamalizia, "Msalimie mkwe wangu." Akajiona amepata dawa.

Wakati huohuo alipambana na ile kelele, kwa akili za cherehani. Cherehani ikilia, unaitia mafuta. Akafungua ubavu wa kompyuta, akadondoshea feni mafuta ya mashine, zikatulia kidogo, halafu zikaanza kulia vibaya zaidi. Akabuni jambo jingine: akaishonea koti. Usicheke. Lilikuwa koti kweli, kitambaa kizito ndani na nje, sponji katikati, mishono ya msalaba, vifungo pembeni, na tundu dogo la kupitisha waya lililopigwa ukingo kama tundu la kifungo cha suti. Ukiliona ungetaka la kwako.

Jumapili ile kelele ilipungua kweli. Bwana Pindo akajipongeza, akakanyaga mafuta, akamsikia binti akisema, "Baba, leo unaendesha kama mtu." Basi, furaha hiyo haikufika mbali. Malori yakaanza kwenda kwa kushtukashtuka, koti likatoa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, kioo kikawa cheusi, na sauti ya binti ikakatika katikati ya neno. Akabonyeza kitufe, wapi. Akalivua koti, likawa la moto mikononi. Akachukua simu akaandika kwamba umeme umekatika. Binti akajibu, "Sawa, baba." Alikaa pale sakafuni na koti lake mapajani, na upweke ukamshika hasa, maana Jumapili nyingine ilikuwa mbali.

Asubuhi alilibeba dude kifuani kama mgonjwa hadi kwa fundi wa kompyuta, mwanamke mchangamfu mwenye kibanda karibu na posta.

"Shikamoo, mzee. Inasumbuaje?"

"Marahaba. Inapiga kelele, inachemka, na jana imezima."

Fundi alifungua ubavu, akachungulia, akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, humu umefuga paka?"

Alivuta kwa koleo furushi la nyuzi na vumbi la vitambaa, la rangi zote za sare, limeshikamana na mafuta ya cherehani. Lilikuwa limeziba njia zote za hewa za kadi.

"Iko wapi nyumbani?" aliuliza.

"Chini ya meza ya kukatia."

"Kwa hiyo kila unachokata, yenyewe inavuta. Ikishindwa kupumua inachemka, ikichemka feni zinakimbia. Wewe umeifanyaje?"

"Nimeishonea koti."

Fundi akamtazama, akaona si utani, akajizuia kucheka tena. Alisafisha kadi, akaipaka dawa mpya ya kupitishia joto, akabadilisha feni zilizolowa mafuta. Kisha akaingia kwenye mipangilio. "Ilikuwa inachora picha nyingi kuliko macho yanavyohitaji. Nimeibana ichore za kutosha tu, haitachemka kama zamani. Iweke juu, pasipo na nyuzi, na usiifunike hata kwa leso."

Jumapili ilipofika aliiweka juu ya stuli chumba cha nyuma, mlango umefungwa, akawasha. Kimya. Alilazimika kusogeza sikio ndipo asikie kwamba inafanya kazi. Binti alipoingia, sauti yake ilijaa chumbani kana kwamba amekaa kitandani, na mzee wa watu alitaka kulia kwa furaha.

Walipakia saruji, wakaondoka. Alimsikia binti akimeza chai. Nyuma yake alisikia bomba likidondosha maji kwenye sinki. Hakumsikia mtu mwingine yeyote.

"Mkwe wangu hajambo? Mbona yuko kimya hivyo?"

Lori la binti likapunguza mwendo. "Baba, si nilikwambia?"

"Uliniambia nini?"

"Kwamba ameondoka. Ile siku tulipobeba mbao, kule milimani. Nilikwambia ana mtu mwingine, amehamisha vitu vyake, nimebaki peke yangu."

Bwana Pindo akakanyaga breki. "Nami nikasemaje?"

"Ulisema vizuri sana, mwanangu. Halafu ukaniambia nimsalimie."

"Sikusikia, mwanangu. Feni zilikuwa zinapiga kelele. Nilikuwa naitikia tu."

"Kwa nini hukusema husikii?"

"Niliogopa utachoka na mimi."

Binti akaegesha lori kando ya barabara. "Mimi nilijua hutaki kusikia habari zangu. Nikanyamaza."

"Niambie sasa. Nasikia kila kitu."

"Siwezi kuisema tena, baba. Ile mara moja nilijikaza wiki nzima. Leo tuendeshe tu."

Akawasha taa ya kuashiria, akarudi barabarani. Baba yake akamfuata nyuma, polepole, bila kugonga kitu. Njia nzima alimsikia akilia.