Bidoni Ndogo ya Koko

Kila mara mwanafunzi anapofungua chupa ya klorini katika darasa langu la kemia, mimi hurudi nyuma hatua mbili. Wanafunzi hucheka, wanafikiri mwalimu wao anayahofia mapafu yake. Waache wacheke. Harufu ile inayochoma pua na kukaa kwenye koo hunirudisha ufukoni Kituku, kwenye Ziwa Kivu, nina miaka tisa, nimekumbatia bidoni, yaani dumu, ya lita tano, na nina jambo ambalo sijamwambia mtu. Nitawaambia ninyi, ila mniache nizunguke kidogo, maana hata leo sipendi kulifikia haraka.

Vita vilikuwa vimefunga barabara ya kaskazini. Papa, yaani baba yangu, ambaye alikuwa dereva wa lori, alikwama Butembo, na kila gari lililofanikiwa kuingia Goma lilishusha watu wenye magodoro vichwani na watoto migongoni. Shule yetu ilifungwa kwa sababu wakimbizi walilala madarasani. Umeme ulikatika, na umeme ukikatika mabomba ya maji nayo hukauka, kwa hiyo mji mzima uliteremka ziwani na bidoni zake. Mimi na Mama tulitoka mtaani kwetu Katindo alfajiri, tukaupita ukuta wa kambi ya wanajeshi haraka haraka bila kutazama pembeni, tukakanyaga yale mawe meusi ya volkano yanayokula kandambili. Mimi nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Mama alizoea kusema kwamba hata siku ya kuzaliwa nilitoka nimekunja uso, kama mtu aliyesikia habari mbaya njiani.

Ndipo Koko akafika. Koko ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake Mama, mwanamke wa Vitshumbi aliyetumia maisha yake yote kupasua samaki na kuwapaka chumvi. Alikuwa amekimbia risasi kwa siku nne, nyingine kwa miguu, nyingine juu ya magunia ya makala, yaani mkaa. Alifika na kitenge kimoja na sufuria moja, miguu imevimba, midomo imepasuka. Aliketi kwenye kiti cha mlangoni, akaomba maji. Mama akamletea kikombe kimejaa. Koko akakinusa, akakirudisha.

"Hii maji iko na harufu ya hospitali," alisema. "Kule njo walinirudishia mume wangu amefunikwa shuka. Sinywi hiyo."

Harufu yenyewe ilikuwa ya klorini. Kipindupindu kilikuwa kimeshaanza kwenye kambi za wakimbizi, na pale ufukoni alisimama mama mmoja mwenye ndoo ya dawa na bomba la sindano lisilo na ncha. Tulimwita Mama Sindano. Kila bidoni iliyotoka ziwani ilipita kwake kwanza; aliivuta dawa, akaisukuma ndani ya maji, kisha akarudia maneno yale yale bila kuchoka: msinywe mpaka nusu saa ipite. Sisi tulikunywa tukibana pua, tukazoea. Koko alikataa kuzoea. Tungechemsha, lakini makala yalikuwa yameadimika kwa sababu ya ile ile barabara, tukawasha moto mara moja tu kwa siku. Koko akawa anaishi kwa kikombe kimoja cha chai, na kizunguzungu kikamshika hata kusimama akawa anashikilia ukuta. Mama akaniita pembeni, akaniambia kwamba Koko ananipenda kuliko wote, na kwamba kazi yangu kuanzia siku hiyo ni kuhakikisha anakunywa maji. Akanipa ile bidoni ndogo ya njano, iwe ya Koko peke yake.

Kumpa mtoto wa wasiwasi kazi ya namna hiyo ni kumnyima usingizi. Nilijaribu kila kitu. Nilifunika kikombe kwa majani ya mchaichai, nikamwimbia, nikamdanganya kuwa maji yametoka kwenye chemchemi ya mapadri. Koko alinusa tu, akanitazama, akasema pua yake haijazeeka.

Kisha nikaona kitu pale Kituku. Wanawake waliouza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walipomaliza kazi walikamua ndimu mikononi, wakasugua, na harufu ya samaki ikatoweka. Nilimwomba mmoja wao ndimu. Akanipa mbili zilizonyauka, na siwezi kuwaeleza jinsi nilivyojiona mjanja. Mama Sindano alipotia dawa tu kwenye bidoni ya Koko, nilijificha nyuma ya mtumbwi nikakamulia ndimu zote mbili humo humo. Vipovu vidogo vilipanda, nikaogopa, nikafunga kifuniko. Nilipokifungua tena na kunusa, harufu haikuwapo. Nilionja tone moja kwenye kidole. Halikuwa na ukali wa dawa wala uchachu wa ndimu. Halikuwa na kitu.

Koko alikunywa kikombe kizima bila kupumua. Akaomba cha pili. Mama aliegemea mlango akalia kwa furaha, mimi nikajiona malkia. Koko akayaita maji ya Kavira, maana jina langu ndilo hilo, akawaambia majirani kwamba mjukuu wake anajua kisima ambacho wakubwa hawakijui. Sikumfichulia mtu siri yangu, hata Mama. Kwa siku tatu niliomba ndimu kwa wanawake wale, nikazikamua nyuma ya mtumbwi ule.

Siku ya nne Koko hakuamka vizuri. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa ametoka nje mara sita, na kilichotoka kilikuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Macho yaliingia ndani, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Jirani alitusaidia kumpeleka kwa toroli la mbao mpaka kwenye mahema ya wagonjwa wa kipindupindu. Walituinua miguu mmoja mmoja, wakapuliza klorini kwenye nyayo. Ndani kulikuwa na vitanda vya turubai vyenye tundu katikati na ndoo chini. Nisiwafiche, nilitamani kukimbia.

Mama hakuelewa. Alimuuliza muuguzi mara mbili, mara tatu: sisi sote tunakunywa maji ya ziwa moja, dawa ni moja, mbona ni yeye peke yake? Mimi nilisimama nyuma ya kitenge cha Mama nikiwa na jibu mdomoni. Watu wote nyumbani walikunywa kwenye bidoni kubwa. Bidoni ya njano ilikuwa ya Koko. Sikujua ndimu imefanya nini, lakini nilijua ni mimi niliyeitia. Nikanyamaza siku hiyo. Nikanyamaza na siku iliyofuata.

Walimwekea Koko serumu, yaani dripu, lakini asubuhi ya tatu hemani muuguzi, mwanamume mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole, alisema chupa zinakwisha na wagonjwa wanaongezeka. Mzee lazima anywe kwa mdomo, maji ya chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe, la sivyo hatutamrudisha nyumbani. Na yale maji ya chumvi na sukari, mnaona mambo, yalinuka klorini. Koko akafunga mdomo. Kwa sauti iliyobaki kidogo kama uzi alisema anataka maji ya Kavira.

Mama akarudi mbio nyumbani. Ndani ya bidoni ya njano yalikuwa yamebaki maji ya siku ile ya tatu. Aliificha chini ya kitenge, akaipitisha langoni, nami nyuma yake. Nilimwona akimwinua Koko kichwa. Nilimwona akifungua kifuniko. Koko akafungua mdomo.

"Mama, usimupe," nilisema. "Nilitia ndimu. Njo maana haina harufu."

Mama alibaki ameshika kikombe hewani. Muuguzi akaja, akakichukua taratibu, akanusa, akachuchumaa mbele yangu uso kwa uso.

"Harufu ilikufa saa ngapi, mutoto?"

"Pale pale ziwani, papa. Mbele ya nusu saa."

"Basi na dawa ilikufa pale pale," alisema.

Hakunipigia kelele. Aliimwaga bidoni yote kwenye shimo lenye chokaa, akaisuuza, akaijaza maji mengine, akatia dawa, akavua saa yake ya mkono akaniwekea kiganjani. Akaniambia niitazame mpaka mshale uzunguke nusu. Sijawahi kutazama kitu kwa namna ile. Ulipofika, akatia chumvi na sukari, kisha akaniamuru nikamue ndimu moja. Kazi ya dawa imekwisha, alisema, sasa hata ikifa haidhuru. Koko alikunywa kikombe, akatapika, akanywa kingine. Jioni alikunywa vitatu. Siku ya tano tangu tumpeleke hemani alitembea mwenyewe mpaka langoni, akainua nyayo zake zipulizwe, akalalamika kuhusu harufu.

Leo nalifundisha jambo hili ubaoni kwa chaki. Ndimu ina kitu kinachokutana na klorini na kuimaliza kabla haijaua vijidudu. Na maji ya Kivu yenyewe yana magadi, kwa hiyo nayo yaliumaliza uchachu wa ndimu. Vile vipovu nilivyoviogopa ndivyo vilivyokuwa ugomvi wao. Vitu vitatu viliingia bidonini vikafutana, yakabaki maji na ugonjwa. Wanafunzi huandika, huuliza kama itakuja kwenye mtihani.

Koko aliishi miaka kumi na mmoja baada ya pale. Kila mgeni aliyekuja alisimuliwa jinsi Kavira alivyopaza sauti kwenye hema akamwokoa bibi yake, na kila alipofika hapo mimi nilitafuta sababu ya kutoka nje. Walidhani ni haya. Mama pia alidhani hivyo, akanisifu kwamba sipendi kujikweza.

Nilikuwa mtu mzima tayari, nina mtoto wangu anayeumwa homa, ndipo nilipopiga magoti kumwombea apone na kugundua kwamba maneno yale sikuwa nimewahi kuyasema kwa ajili ya Koko. Siku zile mbili nilizonyamaza niliomba sana, ndugu zangu, niliomba mpaka magoti yakachubuka kwenye yale mawe. Lakini sikumwomba Mungu Koko apone. Nilimwomba kwamba Koko asiwe na nguvu ya kumwambia muuguzi maji yale yalitoka kwa nani.