Gari la Mbio na Makopa ya Jirani

Jumamosi nilivaa miwani ya jua, nikaenda kuliwasha gari langu la mbio. Tangu masika lilikuwa limelala uani hapa Kibiti, maana liko chini mno na barabara ya mtaani hulikwangua tumbo. Juu ya boneti nilikuta makopa ya mihogo ya mama jirani, yameanikwa kama yako kwao.

Betri iko kwenye buti, nikafunga mpya bila kuyagusa. Nilipotia ufunguo likakohoa, likanyamaza, kisha likanguruma mpaka kuku wakatimka. Nikatazama mlangoni kwa jirani nikisubiri sifa.

Alitoka akifuta mikono kwenye kanga, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Linapata moto," akasema. "Leo jua hakuna, mwanangu. Usilizime."

"Mama, nataka kwenda Ikwiriri."

"Utakwenda. Haya yakikosa moto yataota ukungu."

Akaingia ndani, akarudi na ungo wa makopa mengine. Mimi nikabaki kwenye usukani, nikikanyaga mafuta kila aliponiashiria.

Gari hili nililinunua ili watu wageuke kunitazama. Siku ile kila aliyepita aligeuka, akamuuliza mama kama kuna nafasi ya kuanika.