Namba Iliyoitika Marahaba

Natembea na baiskeli yenye jiwe la kunolea, kutoka Berega mpaka Mikumi, mwaka hadi mwaka. Kazi hii inakujulisha mengi bila kuuliza. Panga la kufyekea huletwa na udongo wake, na mwenyewe anasema, "Babu, litie makali ya kazi." Mwezi ule wa Machi nilipoingia Kisanga, mapanga yaliletwa yameoshwa, wala hakuna aliyetaja kazi.

Nilitega baiskeli pale ninapotega siku zote, pembeni ya kibanda cha Costancia. Habari zake naziandika kwa ruhusa yake mwenyewe. Ameniambia, "Andika tu babu, wa kuogopwa amehamia Turiani."

Costancia ni mzaliwa wa Mamboya. Aliolewa Kisanga kwa mtoto wa pili wa Mzee Herman. Mumewe alipigwa rungu kichwani ndani ya shamba lake la mahindi, siku ng'ombe walipoingia na yeye akatoka peke yake na fimbo. Alikufa siku ya tisa. Baadaye ilijulikana kwamba ng'ombe wale walikuwa wamepotea tangu asubuhi, wenyewe wakiwatafuta upande wa pili wa mto. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia, wala namba ya kumpigia. Neno moja lingefika mapema, yule bwana angekuwa hai.

Mjane yule akabaki kwa baba mkwe wake. Akafungua kibanda cha kuchajisha simu kwa sola. Alipigilia misumari kwenye ubao mrefu, kila msumari na simu yake, kila simu na kikaratasi cha jina. Namba za watu wa Kisanga alizijua kwa kichwa, kama mtu anavyojua zaburi.

Wafugaji nao walichaji hapo. Mmoja alikuwa Nairesiae, mama wa makamo aliyekuja na maziwa kila gulio. Huyo ndiye aliyemwambia siku moja, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Dada, mume wako alikufa kwa sababu sisi hatusemezani. Mimi nina watoto watatu wa kiume. Naogopa."

"Hata mimi naogopa," Costancia akajibu. "Nikisema na nyie, wa kwangu wataniua."

Wakakubaliana kupashana habari kwa siri. Shida ilikuwa laini ya simu. Mwaka ule laini zote zilishasajiliwa kwa alama za vidole, na namba yake kila mtu Kisanga aliijua. Akapanda gari hadi Mikumi kwa Theodory, mtoto wa mama yake mdogo, aliyekuwa akitengeneza kompyuta za hoteli za watalii. Theodory akamtafutia namba ya mtandaoni. Haina laini wala haikai ndani ya simu moja. Inaanza kwa alama ya kujumlisha na moja, kama namba za Marekani, na meseji zake zinapita kwenye mfumo ulio wazi.

"Wazi maana yake nini?" Costancia aliuliza. "Kila mtu ataona?"

"Hapana dada. Ni kama njia ya ng'ombe, haina mwenyewe wa kuweka geti. Kila mtu anapita na chombo chake. Wewe unaweza kuifungua kwenye simu yako, na mwenzako akaifungua kwenye yake, namba ileile moja. Anayeandika hajui aliyejibu ni nani."

Basi wakawa wawili nyuma ya namba moja, mmoja Kisanga, mwingine mbugani. Waliisambaza kwa vikaratasi vilivyobandikwa sokoni: *Ukiona mifugo shambani, andika hapa kwanza.* Meseji ya kwenda namba ya nje ni ghali, kwa hiyo watu waliandika la maana tu. Costancia alimfundisha mwenzake sheria moja: salamu isiachwe bila jibu. Mtu akiandika shikamoo, mwitikie marahaba, asije akadhani anazungumza na shetani.

Misimu miwili ikapita bila mtu kupigwa. Watu waliiita namba ya Mzungu. Wengine walisema ni askari wa hifadhini, wengine wakasema ni mtambo uko angani unatuona.

Kisha Makarius, kaka wa marehemu na kiongozi wa vijana wa kulinda mashamba, akapanga kuwavizia wafugaji kwenye kivuko. Mipango ilipangwa mbele ya kibanda, wakisubiri simu zao. Siku ya kuvizia hakuna ng'ombe hata mmoja aliyekanyaga kivukoni. Makarius akarudi na uso mweusi. "Huyo mwenye namba anaishi na sisi," alisema. "Anakula ugali wetu. Nikimpata, nitamlaza alipolala mdogo wangu."

Akasema hayo ameegemea ubao wa Costancia.

Wiki hiyohiyo Mzee Herman, mwenyewe tu, akaiandikia ile namba: *Wewe ni nani unayejua mashamba yetu?* Costancia alikuwa anapika. Aliiona namba ya baba mkwe wake, na kabla akili haijafika, kidole kilishaandika: *Shikamoo baba. Mguu unaendeleaje? Mimi ni msaidizi tu.* Ndivyo alivyomwamkia kila siku kwa miaka kumi na miwili, na swali la mguu, kwa kuwa mzee ana goti bovu. Meseji ikaondoka.

Jioni mzee akasimulia mbele ya vijana, akicheka, "Hiyo namba ina adabu, iliniamkia." La mguu hakulitaja. Huenda hakulitilia maanani, huenda alilihifadhi. Costancia hakujua, na huko kutokujua ndiko kulikomkondesha. Siku ya gulio mzee alileta simu ichajiwe. Costancia akaifungua, akaikuta meseji imekaa palepale. Kidole kilikuwa kimefika kwenye kufuta, sauti ya Makarius ikaita nyuma yake, "Shemeji, za kazi?" Akairudisha msumarini.

Ndiyo siku niliyokuwepo. Nilikuwa nanoa panga la Makarius.

Vijana kumi na wawili walikusanyika pale mchana, jua kali. Makarius akasimama katikati.

"Iliyomwamkia baba ni ndogo kuliko baba. Leo tutaipima. Kila mtu aandike shikamoo, basi. Ikimwitikia Paulo hapa marahaba, ni kubwa kuliko Paulo. Mimi ikikataa shikamoo yangu, ni ndogo kwangu. Umri tutakuwa nao mkononi. Halafu tujiulize, wa umri huo anayezijua namba zetu zote hapa Kisanga ni nani?"

Niliona macho mawili matatu yakielekea kibandani, yakarudi.

Costancia alikuwa amekaa anachambua maharage kwenye ungo. Simu yake ya siri ilikuwa ubaoni, msumari wa tatu, na kikaratasi kimeandikwa *Magreti*, mtu asiyekuwepo. Mahali pa kuficha jani ni kwenye majani. Alikuwa ameitoa mlio. Mtetemo alisahau.

Wakaandika. Jiwe langu lilikuwa limesimama. Nikaisikia ile simu ya Magreti ikitetemeka juu ya mbao, *grrr*, ikatulia, *grrr* tena. Nikatazama vidole vya Costancia ndani ya maharage. Vilikuwa vinachagua mazima na kuyatupa.

Nikakanyaga pedeli. Jiwe likalia. Panga lile lilikuwa limeshanoleka, lakini nililinoa tena.

"Babu, punguza kelele!"

"Lina pengo hapa, baba. Nalimalizia."

Kimya cha namba kilichukua muda. Kuinuka achukue simu hawezi. Kutojibu nako ni jibu, maana namba isiyowahi kunyamaza imenyamaza siku ya kupimwa. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anamwomba Mungu mbuga nzima iwe na mtandao, mwenzake ajibu.

Kisha simu ya Paulo ikalia. "*Marahaba*," akasoma.

Ya pili: marahaba. Ya tatu, ya nne. Ya Makarius ikalia, akaitazama akaishusha.

"Soma basi, kiongozi!"

"Marahaba," akasema.

Wakacheka. "Makarius kapata baba mwingine! Mwombe na urithi!"

"Nyamazeni. Baba, na wewe andika."

Mzee Herman alikuwa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha. "Nimwamkie nani mimi, kwa mvi hizi?"

"Andika, baba."

Akaichukua simu yake msumarini, akaandika herufi moja moja. Tukangoja. Nikasikia ubao ukitetemeka chini ya kelele ya jiwe. Mzee naye, nadhani, alisikia, kwa kuwa alikuwa karibu kuliko wote. Alitazama ubao. Akatazama mikono ya mkwewe, yote miwili, ndani ya ungo. Na simu ikalia mkononi mwake.

"Imesema marahaba," akasema polepole.

Hapo kicheko kikaisha. Mwanamke wa Mamboya kumwitikia baba mkwe wake marahaba? Angekunywa sumu kwanza. Macho yaliyokuwa yanaelekea kibandani yakaacha.

Makarius hakuridhika. "Ile ya kwanza iliyokuamkia ilisemaje hasa? Lete tusome."

Costancia alisimamisha vidole. Mimi nilimwona.

Mzee akaitia simu mfukoni mwa koti. "Niliifuta. Simu ilikuwa imejaa."

"Baba, meseji moja haijazi hata…"

"Nimesema niliifuta! Na sikilizeni. Hapa Kisanga anayeweza kuniitikia mimi marahaba yuko makaburini. Kama mnataka kuendelea kuwaamkia wafu, endeleeni. Mimi naenda kula."

Jua lilikuwa linawaka, lakini niliona vijana wawili wakijikunyata. Mmoja aliifuta namba ile palepale. Wakatawanyika mmoja mmoja. Makarius aliondoka wa mwisho, akachukua panga lake kwangu bila kulijaribu makali.

Siku tatu Costancia hakulala. Hakuna aliyeijua meseji ile isipokuwa watu wawili, na sasa alifahamu kwamba mzee amedanganya mbele za watu, wala hakujua ni kwa faida ya nani. Asubuhi alimwamkia kama kawaida, akaitikiwa kama kawaida. Swali la mguu hakuliuliza.

Siku ya nne simu ya Magreti ikatetemeka. Namba ya Mzee Herman. Costancia anasema aliishika kama mtu anavyoshika mkia wa nyoka. Akafungua.

*Ng'ombe wawili wamo kwenye mpunga wangu bondeni. Makarius hajaona. Mwambie mwenzako awahi.*

Alimpigia Nairesiae kwanza. Kisha akakaa chini, akaandika: *Shikamoo baba. Wanakuja kuwatoa.*

Jibu lilichelewa. Mzee huandika herufi moja moja.

*Marahaba. Na mguu haujambo.*